Samaki wa Saa ya Swala

Inspekta Nusifa Nangobi hakuwa na njaa, lakini aliagiza samaki. Miaka kumi na minne ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye hoteli humjibu vizuri zaidi polisi aliyekaa mezani kuliko polisi aliyesimama mlangoni. Konstebo Andrew Wanyera, aliyeendesha gari kutoka Mbale, yeye alikuwa na njaa ya kweli. Alianza kuchungulia beseni la samaki kabla hata ya kufunga mlango wa gari.

Ilikuwa saa sita na robo mchana, siku ya Ijumaa, na walikuwa Masese, kando ya mji wa Jinja, hatua chache kutoka ziwani, mbele ya banda la mbao lililoandikwa kwa rangi ya bluu: SIRAJE SAMAKI NA CHIPSI. Nusifa aliichagua siku hiyo na saa hiyo kwa makusudi. Ijumaa mbili nyuma, saa nane mchana, mtu aliingia katika nyumba moja kule Nkoma, mjini Mbale, akampiga mzee Benedicto kwa chuma kichwani na kuondoka na televisheni na kompyuta. Mzee alipona. Alisema mwizi alivaa koti la rangi ya chungwa kama lile la dereva Mkenya aliyemletea vigae wiki iliyotangulia. Dereva huyo ni Bramwel Wasike wa Bungoma, na sasa alikuwa rumande. Jumatatu kesi yake ingetajwa tena, na mwendesha mashitaka alikwisha kusema kwamba bila shahidi wa kumtetea, atalipeleka faili Mahakama Kuu kama unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa kosa hilo mtu hutoka jela na mvi.

Wasike alijitetea kwa jambo moja tu, kila mara bila kubadilisha neno. Saa saba na nusu ya Ijumaa ile alikuwa Masese, anakula samaki na chipsi uani kwa Siraje, na aliyemkaangia alikuwa mama mmoja. Kutoka Masese hadi Mbale ni saa tatu barabarani, kwa dereva asiyeogopa malori ya mafuta. Kama alikuwa hapa saa saba na nusu, hakuwa Nkoma saa nane.

Alikuwa na picha pia. Aliipiga kwa simu na kumtumia mkewe, Roselyn, saa saba na dakika arobaini. Ilionyesha samaki mzima, aina ya ngege, yaani sato, juu ya sahani ya bati yenye ukingo wa kijani, na chipsi pembeni. Mwendesha mashitaka aliitazama akacheka. Wasike alikula pale mara kwa mara, mwenyewe alikiri, kwa hiyo picha ilithibitisha kwamba alikula, haikuthibitisha lini. Picha ya zamani hutumwa wakati wowote.

Na tena kulikuwa na maelezo aliyoyakusanya Wanyera. Siraje na majirani watano waliulizwa kama banda huwa wazi Ijumaa saa ya swala, na wote sita walijibu kwamba Siraje hufunga saa ya swala ya Ijumaa. Wanyera aliona kazi imekwisha. Nusifa aliyasoma mara tatu na kila mara akakasirika kidogo zaidi. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba alipita pale siku ile akaona mlango umefungwa. Wote walikuwa wameeleza desturi.

"Chagua, afande," Siraje alisema, akisogeza beseni.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, ndevu zake zimechongwa vizuri. Alizungumza nao Kiswahili, ingawa aliposikia jina la Nangobi alijua fika kwamba anaongea na Msoga mwenzake. Watu wa hapa wakimwona polisi huchukua Kiswahili, na adabu zao zote hugeuka kuwa woga. Nusifa aliliona hilo, akaliweka akilini.

Alichagua ngege wa wastani. Kwa Siraje mteja huchagua samaki wake akiwa mbichi, akakatwa mbele yake, asije akadai baadaye kwamba amebadilishiwa. Siraje alimlaza kwenye ubao mzito uliokaushwa na jua, wenye msumari mmoja upande wa kushoto. Alikichomeka kichwa kwenye msumari ili samaki asiteleze, mgongo ukiwa upande wa juu wa ubao, akampiga mikato mitatu ya mshazari ili chumvi na moto viingie. Haikumchukua muda wa kupiga chafya. Wanyera alichagua mkubwa kuliko wote beseni zima.

Wakati wa kula, Nusifa alimuuliza tena lile swali, taratibu, kama mtu anayepiga soga. Siraje hakuyumba. "Mimi nilisema kwa huyu kijana yako, afande. Ijumaa saa ya swala hapa hakuna kitu. Nafunga dirisha, nafunga mlango, naenda musikiti. Kama huyo Mkenya anasema nilimupa chakula hiyo saa, anaongopa."

Nusifa alimwuliza kama kuna mtu mwingine anayekaanga. Hakuna, alijibu. Na mke je? Mke wake, Twaibah, humenya viazi uani. Samaki hashiki. Alilisema hilo la mwisho haraka, halafu akaenda kugeuza chipsi ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Adhana ilipoita, Siraje alitimiza aliyoyasema. Aliwaomba radhi, akafunga dirisha la mbao, akapiga kufuli mlango wa mbele, akavaa kanzu nyeupe iliyokuwa imening'inia nyuma ya pazia na kushika njia ya msikiti. Nusifa na Wanyera walibaki kwenye benchi nje, sahani zao mapajani.

"Si unaona, afande," Wanyera alisema. "Mtu wa dini. Hawezi kusema uongo Ijumaa."

"Sijasema anasema uongo."

Wanyera alikuwa na dhana mpya tayari. Ng'ambo ya njia kulikuwa na meza ya mama mmoja Mkenya, Awuor, Mkristo, ambaye haifungi Ijumaa wala Jumapili. Sahani za mtaa huu husafiri, jirani humwazima jirani. Huenda Wasike alikula kwa Awuor kwenye sahani ya Siraje akachanganya mabanda. Haikuwa dhana mbaya, na Nusifa alimwambia hivyo. Kijana alivimba kwa furaha, wakavuka njia.

Awuor aliipokea simu ya Nusifa kwa vidole viwili, maana mikono yake ilikuwa na unga, akaitazama picha kwa muda mrefu. Alisema si yake. Yeye hauzi chipsi, huuza ugali na vipande vya mputa, yaani sangara, kila mtu wa Masese anajua. Alitaka kuirudisha simu, halafu akaivuta tena karibu na macho.

"Na huyu samaki amekatwa kinyume," alisema. "Mimi nimekaanga samaki miaka ishirini, madam. Hii si kazi ya Siraje."

Nusifa alijisikia mpumbavu, kisha akafurahi, na furaha ikashinda. Alikuwa ameitazama picha hiyo wiki nzima kwa macho ya polisi, akitafuta saa na kivuli cha jua, asimwone samaki mwenyewe. Alirudi mbio kwenye benchi kuitazama sahani yake. Samaki wake alikuwa ameliwa nusu tu, upande wa mikato bado mzima. Akamlaza kichwa kikiwa kushoto na mgongo juu, sawasawa na yule wa pichani, akaweka simu kando yake.

Mikato ya Siraje ilianzia mgongoni karibu na kichwa ikashuka kuelekea mkiani. Ya pichani ilianzia mgongoni karibu na mkia ikashuka kuelekea kichwani. Ubao ni uleule, msumari uko palepale, samaki hulala namna ileile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kisu.

Alimwita Wanyera, akamwambia ashike kijiko kama kisu, kwanza kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, na kukata hewani juu ya sahani. Kijana alikata. Alipofika mkono wa kushoto alikitazama kijiko, akakata tena.

"Mtu wa kushoto," alisema hatimaye.

"Mtu wa kushoto ambaye hukaanga kwenye banda hili wakati Siraje hayupo. Na Siraje huwa hayupo lini?"

Wanyera alitazama kufuli mlangoni.

Walimrudia Awuor kwa swali moja zaidi. Alisema yeye si mtu wa kueneza mambo ya jirani, kisha akaeneza kidogo. Wiki ile stima ilipotea Masese yote, transfoma ililipuka Jumatano na mafundi hawakuja mpaka Jumamosi. Watu wote wa samaki walilia. Na Ijumaa yenyewe, wanaume wakiwa msikitini, alisikia harufu ya mafuta ya moto kutoka uani kwa Siraje. Alishangaa, akanyamaza. Mbona hakumwambia konstebo alipokuja? Konstebo hakuuliza kuhusu harufu, alisema Awuor, aliuliza kama banda hufungwa.

Wanyera alitazama viatu vyake. Nusifa alimtuma apige simu ofisi ya umeme ya Jinja kuthibitisha tarehe, yeye akazunguka banda kwenda uani.

Twaibah alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbele yake gunia la viazi na beseni la maji. Alipomwona mgeni alihamisha kitu mikononi haraka. Kisha akaendelea kumenya kwa mkono wa kulia, polepole, akitoa ganda nene na nusu ya kiazi pamoja nalo. Ndani ya beseni vilielea viazi vilivyokwisha kumenywa, laini, ganda limetoka jembamba bila kovu. Mkono uliovimenya vile haukuwa huu unaokimenya hiki.

Nusifa alivua viatu, akakaa mkekani, akachukua kisu cha pili. Alimsalimu kwa Kisoga, akaulizia watoto na mafua ya msimu huu. Walimenya viazi vitatu bila kutaja habari ya polisi. Alama ndogo za kisu zilikuwa zimejaa kwenye kidole gumba cha Twaibah cha mkono wa kulia, ule unaodaiwa kushika kisu. Mtu hajikati mkono ulioshika kisu.

"Badilisha mkono, dada yangu," Nusifa alisema kwa upole. "Viazi vinaisha."

Twaibah aliacha kumenya. Aliuliza nani amemwambia. Hakuna, alijibiwa, samaki ndiye aliyesema. Akaonyeshwa kwa kidole upande wa mbele wa banda, kwenye ule ubao na msumari wake, lakini picha Nusifa aliiacha mfukoni. Alitaka kusikia kwanza. Alimwambia tu kwamba kuna mtu yuko rumande Mbale, na mtu huyo anadai mama mmoja wa hapa alimpa chakula Ijumaa ya umeme kukatika. Akishindwa kulithibitisha hilo, atafungwa miaka mingi kwa damu ambayo hakuimwaga.

Kisu kilimtoka Twaibah mkononi. Hakujua, alisema. Mumewe alimwambia polisi wamekuja kumuulizia Mkenya fulani, naye akadhani ni mambo ya ushuru wa mpakani, yatakwisha yenyewe. Alianza kulia, akajifuta kwa ncha ya leso, akaeleza.

Friji ilikuwa imezima siku ya tatu. Samaki walikuwa wameanza kulegea macho, na kufika alasiri wangetupwa. Siraje alikwenda swala akasema Mungu atajua. Twaibah aliwatazama wale samaki akashindwa. Aliuchukua ubao, akawasha jiko la mkaa uani, akaanza kuwakata na kuwakaanga ili angalau waliwe na majirani jioni. Hapo ndipo dereva mmoja mrefu alipogonga geti la nyuma akiomba chakula. Koti lake la chungwa lilikuwa na mfuko uliochanika, umeshikwa kwa pini. Twaibah alimwekea samaki na chipsi, naye akakaa kwenye kreti la soda. Alifumba macho akaomba kabla ya kula, akapiga picha, akala. Alilipa, akashukuru, akaondoka watu wa msikitini hawajatoka.

Nusifa aliandika yote bila kuinua kichwa, asije akamwonyesha uso wake. Kreti la soda na pini vilikuwa kwenye maelezo ya Wasike ukurasa wa pili, na hakuna mtu wa Masese aliyewahi kuyasoma. Ndipo alipotoa picha. Twaibah alimtambua samaki wake mara moja.

"Swala ya Juma si wajibu wako wewe," Nusifa alimwambia. "Ni wa wanaume. Hukuvunja kitu."

"Siogopi Juma," Twaibah alisema. "Naogopa mkono. Mama mkwe alinifundisha kula kwa kulia, na ninakula kwa kulia. Lakini kisu hakikubali. Mwaka tulipofungua nilimkata samaki pale mbele, wateja wawili wakaweka sahani chini wakaondoka. Walisema mkono wa chooni haumshiki samaki wao. Tangu siku hiyo niko huku nyuma. Nikisema kortini kwamba nilikata, banda litakwisha, na banda hili ndilo ada ya watoto."

Nusifa hakutaka kumdanganya. Alimwambia ukweli, kwamba hawezi kumlazimisha leo. Anaweza kumletea wito wa mahakama, lakini shahidi anayeburutwa huonekana. Wasike alihitaji mtu anayesimama mwenyewe.

Wanyera aliingia uani na jibu la ofisi ya umeme. Transfoma ililipuka Jumatano usiku, ikabadilishwa Jumamosi saa nne, na tangu mwaka uanze umeme haukuwahi kukatika Ijumaa nyingine yoyote. Sasa siku nayo ilikuwa imepatikana. Ilibaki ridhaa ya mwanamke mmoja.

Siraje alirudi swalani akiwa na wateja nyuma yake. Alifungua dirisha, akasikia sauti uani, akaja. Aliona kalamu, akaona macho ya mkewe, akaelewa jambo fulani ingawa hakujua ni lipi. Kabla Nusifa hajafungua kinywa, Twaibah alisimama.

"Nilikaanga," alimwambia mumewe. "Ile Ijumaa. Nilikata kwa mkono huu, nikampa yule Mkenya, na yule Mkenya amefungwa kwa sababu sisi tulisema hapakuwa na mtu."

Siraje alimtazama Inspekta. Alisema wateja watasikia. Alisema hakumficha mkewe kwa ubaya, afande aelewe hilo, alimficha kwa ajili ya mkate. Alizungumza Kiswahili, kisha katikati ya sentensi Kiswahili kikamwishia akahamia Kisoga, na woga ukamtoka pamoja nacho. Alikaa kwenye kreti la soda na kanzu yake nyeupe. Mbele mtu aligonga sahani akidai chipsi.

Nusifa alingoja. Kusubiri ni sehemu ya kazi ambayo chuoni hakuna anayeifundisha, na yeye aliichukia kuliko zote. Alimfikiria mzee Benedicto na kichwa chake chenye nyuzi, na mwizi wa kweli ambaye bado anazunguka Nkoma na kompyuta ya watu. Kila siku waliyoipoteza kwa Wasike ilikuwa zawadi kwa huyo.

"Kesi ni lini?" Siraje aliuliza mwishowe.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi."

Alipiga hesabu ya safari kimoyomoyo. "Basi tutalala Mbale Jumapili. Hawezi kwenda peke yake kati ya mawakili." Akamgeukia Twaibah. "Nilimwita muongo. Nilikula kiapo juu ya kitu ambacho sikukiona. Na mimi nitasema."

Twaibah alikaa tena mkekani, akashika kisu kwa mkono wake wa kushoto, akamaliza kiazi alichokiacha.

Wanyera aliandika maelezo upya, safari hii akiuliza mtu aliona nini na si nini huwa kinafanyika, akamsomea Twaibah neno kwa neno, naye akatia sahihi. Siraje akatia yake chini. Nusifa alizitazama sahihi hizo mbili, na kwa mara ya kwanza tangu achukue faili aliamini kwamba Wasike atarudi kwao. Alipiga namba ya Bungoma.

Roselyn alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea habari mbaya. Nusifa alimwambia amepata shahidi. Roselyn aliuliza shahidi gani, maana wakili alikwisha kumwambia hakuna. Badala ya kumweleza, Nusifa alimpa Twaibah simu.

Twaibah aliishika kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitafuta neno kwa neno.

"Mama, mimi naitwa Twaibah, wa Masese. Mimi nilipikia bwana yako ile samaki. Ijumaa, saa saba. Mimi nilimuona na macho yangu. Jumatatu nakuja kusema kwa korti."

Roselyn akasikika akivuta pumzi, na alipozungumza hakuuliza habari ya hakimu wala ya jela.

"Alishiba?" aliuliza.

Twaibah alifunika mdomo kwa leso.

"Alishiba, mama," alisema. "Alikula yote, na kichwa."